Athari Tatu za Maji

Asubuhi yangu ya kwanza Muscat nilifungua bomba la maji baridi nikaurudisha mkono haraka. Maji yalitoka ya moto kama ya kunyonyolea kuku. Ulikuwa mwezi wa Juni, na tangi la nyumba liko juu ya paa, limeshindia jua siku baada ya siku. Nilisimama bafuni na sabuni usoni, sijui la kufanya, mpaka rafiki yangu aliponiita kutoka nje ya mlango: "Yakhe, fungua lile la moto!" Nikafungua lile la moto. Yakatoka maji ya uvuguvugu, yanayoelekea ubaridi. Baadaye alinieleza kwamba hita ilizimwa tangu Aprili. Tangi lake dogo liko ndani ya nyumba, penye kiyoyozi, kwa hiyo msimu wa joto ndilo linalotunza maji ya kuogeka. Nyumba nyingi za huko hufanya hivyo, na aliyekulia hapo haoni ajabu yoyote.

Mimi niliona ajabu. Nimezaliwa Marangu, kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Kilimanjaro, ambako watoto huogeshwa kwa vilio kwa sababu maji hushuka kutoka msituni yakiwa baridi ya kuuma mifupa. Kwetu maji ya moto ni kazi ya kuni. Ya baridi hayana kazi, yanakuja yenyewe. Ndivyo nilivyojua. Nikiwa na miaka thelathini na tisa, sikuwahi kufikiri kwamba maji ya baridi ni kitu ambacho mtu anaweza kuamka asubuhi akakikosa.

Nilikuwa nimekwenda Oman kwa wiki mbili, kwa mwaliko wa mtu tuliyelala chumba kimoja miaka mitatu chuoni Dar es Salaam. Asili yake ni Pemba. Sasa anafanya kazi Muscat na anakaa kwa ami yake. Nyumba ile, kama nyumba nyingi za huko zenye watu waliotoka Zanzibar, inaongea Kiarabu sebuleni na Kiswahili jikoni. Ami alizaliwa karibu na Wete mwaka 1949. Aliondoka kisiwani akiwa kijana baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, akaishi Dubai, kisha akaingia Oman baada ya 1970, Sultani Qaboos aliposhika madaraka na kuwaita Waomani waliotawanyika nje warudi. Hayo aliyasema kwa sentensi tatu, akanywa kahawa yake ya iliki, akageukia jambo alilotaka kuniuliza.

"Kwenu mlimani, mwanangu, mvua inanyesha miezi mingapi?"

Watu wakisikia natoka Kilimanjaro huuliza kama nimewahi kufika kileleni. Hakuna aliyewahi kuniuliza mvua. Nikaanza kuhesabu kwa vidole: masika, Machi mpaka Mei, vuli, Oktoba au Novemba mpaka Desemba, na hapo katikati, Juni na Julai, manyunyu na ukungu ambao hatuuhesabu kuwa mvua. Nikamwambia na nililowahi kusoma, kwamba ukanda wa msitu upande wa kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka.

Ami akaweka kikombe chini.

"Sisi hapa Muscat tunapata kama mia," akasema. "Mwaka mwingine hiyo mia haifiki. Mwaka mwingine inakuja yote kwa siku moja, inabeba magari na barabara. Na nyinyi mna manyunyu ambayo hamyahesabu?"

Hakuwa akinilaumu. Aliuliza kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia sawasawa.

Tangu jioni ile mvua ikawa mazungumzo yetu. Aliniambia kwamba nchi ile haina hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima, na kwamba maji ya bombani Muscat kwa sehemu kubwa ni ya bahari yaliyotolewa chumvi. Aliniambia kwamba mvua ikinyesha milimani watu hupakiana kwenye magari, wazee kwa watoto, wakaenda ukingoni mwa wadi, yale mabonde ambayo siku nyingine ni makavu, kutazama tu maji yakipita, ingawa mamlaka huwaonya wasithubutu kuvuka. Na kila mwaka, kuanzia Juni mpaka Septemba, pepo za kusi hupeleka manyunyu na ukungu Salalah, kusini kabisa, karibu kilomita 1,000 kutoka Muscat. Vilima vya huko hugeuka kijani, na watu wa Muscat na wa nchi jirani za Ghuba huendesha gari jangwani kutwa nzima ili wakasimame kwenye manyunyu hayo. Ni kusi ileile iliyokuwa ikijaza matanga ya majahazi kutoka Unguja kurudi Uarabuni. Ami aliwahi kwenda na wajukuu zake. Wao walikuwa wakicheka na kujipiga picha. Yeye alibaki nje mpaka kanzu ikagandamana na mwili, akakataa kuingia garini.

Bi Mkubwa, mkewe, alikuwa akisikiliza huku akichambua mchele. Naye ni wa Pemba. Akasema kinachompotea yeye si mvua hasa, ni zile kelele zake. Msimu wa karafuu, majamvi yametandikwa uani, karafuu zimeanza kugeuka rangi, mbingu ikijikunja kidogo tu mtu mmoja atapiga ukelele, na nyumba nzima, mtaa mzima, watatoka mbio kuanua. Mwenye mimba atakimbia, mgonjwa atakimbia. Karafuu ikilowa imeharibika, na kuharibika kwake ndiyo ada ya shule na ndiyo nguo za Idi. "Hapa," akasema, "nguo ninaanika saa nne, saa tano zimekauka kama papa. Miaka hamsini sijasikia mtu akipiga ukelele wa kuanua."

Nilikumbuka kahawa yetu juu ya vichanja, na mama akitoka jikoni mikono ina unga, akikimbia. Nilikuwa nimeisahau picha hiyo kabisa.

Siku ya nne Ami alitupeleka Nizwa, kiasi cha kilomita 140 kutoka Muscat. Barabara ni pana na tambarare, imepita kati ya milima isiyo na jani hata moja, milima ya rangi ya kutu iliyochongoka kama meno. Kwa mtu wa Marangu, mlima ni kitu cha kijani chenye kofia nyeupe. Milima ile ilinitia huzuni nisiyoweza kuieleza; nilikuwa nikitafuta bonde lenye mti kama mtu anayetafuta sura anayoijua kwenye msiba wa watu baki.

Halafu, baada ya kona moja, mitende, mingi mno, imebanana chini ya jabali. Na ndani ya mitende, mtaro wa maji.

Nilijua tangu sekunde ya kwanza kwamba naujua mtaro ule. Upana wa hatua moja, maji ya kufika magotini, yakipita bila haraka, yakiwa na ule mlio wa chinichini kama mtu anayeongea peke yake jikoni. Kwetu tunauita mfongo. Wao wanauita falaji. Ule tuliosimama kando yake ni Falaji Daris, miongoni mwa mikubwa nchini, na ni mmojawapo wa mitano iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Iko kama 3,000 inayofanya kazi mpaka leo Oman. Niliinama nikatia mkono. Maji hayakuwa ya baridi ya kwetu, lakini kwa jua lile yaliburudisha mpaka begani.

Ila chanzo chake ni tofauti na chetu, na tofauti hiyo ilinifumbua macho. Mfongo wetu huanzia kwenye banio mtoni, juu msituni, ukachepushwa ukazungushwa kwenye ubavu wa mlima mpaka kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba. Mto upo, unaonekana, unanguruma. Falaji kama Daris halina mto. Maji yamejificha chini ya ardhi, mguuni mwa milima, na watu wa kale walichimba kisima mpaka wakayafikia. Hicho ndicho kisima mama. Kutoka hapo wakachimba handaki, kilomita kadhaa, lenye mteremko mdogo mno kiasi kwamba ukikosea kidogo tu maji hayaendi au yanabomoa. Kila baada ya hatua kadhaa wakatoboa shimo la kutolea udongo na kupatia hewa. Maji husafiri gizani mpaka yanapotoka juani kijijini. Aina hii huitwa daudi, kwa sababu husimuliwa kwamba Nabii Suleiman mwana wa Daud alipita nchi ile, akakuta watu wana kiu, akawaamuru majini wachimbe falaji 10,000 kwa siku kumi. Nilipochungulia moja ya mashimo yale nikasikia maji chini kabisa yasikoonekana, niliielewa hadithi hiyo. Ni vigumu kukubali kwamba ni mikono ya watu.

Kutoka Nizwa tukapanda mpaka mji uitwao Birkat al-Mauz, chini ya Jabal Akhdar. Maana yake, Ami alinieleza, ni bwawa la ndizi. Nikadhani anatania. Lakini migomba ilikuwapo kweli, imejipenyeza chini ya mitende kando ya mtaro, imelindwa na kivuli kama wagonjwa. Mji mzima umejitambulisha kwa migomba! Ami akaniuliza sisi ndizi tunazifanyia nini. Nikamtajia mtori, ndizi za nyama, za kuchoma, za kuiva, mbege kwenye harusi na matanga, majani ya kufungia na kuezekea, na shina la mgomba tunalokatakata tukawapa ng'ombe.

"Shina zima mnawapa ng'ombe?"

"Ndiyo, Ami. Lina maji mengi."

Akanyamaza kidogo. "Ng'ombe wa huko wana bahati," akasema.

Usiku huo tulilala kijijini kwa babu zake Ami, mwendo wa nusu saa kutoka Nizwa. Ana shamba la mitende pale, dogo, na ana urithi ambao alinionyesha kwa fahari kuliko nyumba yake ya Muscat: athari tatu za maji. Athari ni kipimo cha muda wa maji, kama nusu saa. Mzunguko wa falaji lao ukikamilika, maji yote ya mtaro, bila kubakiza, ni yake kwa muda wa athari tatu. Haki hiyo inarithiwa, inauzwa, inakodishwa, na nyingine ni wakfu wa msikiti. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha kijiti kwenye mawe yaliyopangwa, na usiku kwa nyota zilizojulikana kwa majina, kila moja na zamu yake. Siku hizi wanatazama simu.

Nilimuuliza kama watu hawagombani. Wanagombana, alisema, lakini mpangilio una nguvu kuliko ugomvi. Pale maji yanapotokea juani kwanza ni pa kunywa, na kila mtu ana haki hapo, hata mpita njia ambaye hana athari hata moja. Baada ya kunywa ni msikiti na kuoga. Kisha mitende. Mwisho kabisa mazao ya msimu: vitunguu, thumu, majani ya mifugo. Ukame ukija wanaacha hayo ya mwisho yafe ili mtende uishi, kwani mtende ni wa miaka mingi na kitunguu ni cha miezi mitatu. Kuna msimamizi wa falaji, kuna mgawaji wa maji, kuna wanaoingia handakini kutoa udongo. Wanalipwa kutokana na sehemu ya maji iliyotengwa kwa ajili hiyo. Nilisikiliza nikiwa na aibu iliyokuwa ikipanda taratibu, sikujua inatoka wapi.

Zamu ya Ami iliangukia alfajiri. Baada ya sala tulitembea na tochi mpaka shambani. Kijana mmoja Mbangladeshi, anayetunza mashamba kadhaa pale, alikuwa amekwisha kuchuchumaa mtaroni, simu mkononi, akisubiri dakika. Ilipofika, alichomoa jiwe lililoviringishwa matambara kwenye mdomo wa shamba letu, akalizibia mtaro mkuu. Maji yakageuka. Yakaingia kwenye majaruba chini ya mitende, yakatambaa, yakaizunguka mitende mmoja mmoja. Ami alivua viatu akakaa ukingoni, miguu majini, hakusema neno. Saa moja na nusu tulikaa hivyo. Tende za mapema zilikuwa zimeanza kuiva. Kijana akatuangulia chache, nusu manjano nusu kahawia, laini upande mmoja na ngumu upande wa pili. Jua likachomoza. Nadhani ni muda mtulivu kuliko wote niliokaa mwaka ule.

Halafu kijana akatazama simu, akachomoa jiwe, akaliziba shamba letu. Maji yakaenda kwa jirani.

Mlio ukakatika.

Ule mlio wa chinichini uliokuwa masikioni mwetu tangu alfajiri ulikatika mara moja, na kimya kilichofuata kilikuwa kizito kiasi kwamba niligeuka kutazama kilichotokea. Na hapo ndipo nilipojiuliza jambo ambalo sikuwahi kujiuliza. Mfongo wa nyumbani kwetu unapita nyuma ya jiko, hatua ishirini kutoka kitanda nilichozaliwa. Nimelala na mlio wake utoto wangu wote. Wageni wanaopita Marangu kwenda kupanda mlima walikuwa wakisimama kuupiga picha, nasi watoto tukishangaa wanapiga picha nini. Krismasi iliyopita nilikwenda nyumbani, kama tunavyokwenda sote kila Desemba, tukajaza mabasi na magari kutoka Dar. Nilikaa siku tisa. Je, niliusikia?

Sikukumbuka. Nilikaa pale ukingoni mwa mtaro mtupu nikijaribu kusikiliza siku zile tisa kichwani. Nikasikia muziki, nikasikia watoto wa kaka, nikasikia mbuzi. Mfongo sikuusikia.

Nikampigia baba. Huko ni saa moja nyuma, lakini baba huamka kabla ya jogoo.

"Baba, shikamoo. Mfongo una maji?"

Alikaa kimya, nikadhani simu imekatika.

"Hauna," akasema. "Masika ya mwaka juzi yaliondoka na banio. Si nilikuambia?"

Aliniambia. Alinipigia mara mbili. Mara ya kwanza alisema kamati ya mfongo imeitisha msaragambo, kila boma litoe mtu. Nikamjibu niko na kazi, nikatuma faini kwa simu kabla hata ya siku yenyewe kufika. Mara ya pili nikatuma tena, nikaongeza ya soda za wachimbaji. Nilijiona mtoto mwema. Baba alikwenda mwenyewe, ana miaka sabini na minne, na wazee wenzake sita. Vijana wote tulikuwa tumetuma pesa. Kamati ikawa na pesa za saruji na haina mikono ya kuibeba mpaka msituni. Majirani wenye bomba wakasema bomba linatosha. Bomba linatosha kunywa na kupikia, kihamba halikinyweshi. Miezi ya kiangazi baba alikuwa akibeba ndoo kwenda kwenye migomba ya nyuma, na mimi nilipokwenda Krismasi nilikula ndizi zake na kusema zimekuwa ndogo mwaka huu.

Ami alisikia upande wangu wa mazungumzo. Sikumweleza, naye hakuniuliza. Alinyoosha mkono nimsaidie kunyanyuka, akavaa viatu vyake, tukarudi nyumbani kunywa kahawa.

Siku za mwisho Muscat nilianza kuyaona maji kila mahali, jinsi mtu aliyefiwa anavyoyaona makaburi. Nje ya nyumba nyingi, kwenye ukuta wa barabarani, kuna mashine ya maji baridi na kikombe, sabili ya mpita njia, thawabu ya mtu aliyefariki. Wajenzi na madereva wa teksi husimama hapo jua likiwa nyuzi arobaini na kitu. Nami nikasimama, nikanywa, nikamwombea nisiyemjua. Nilifikiri juu ya mto wetu: maji tusiyoyakinga hushuka mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu, yakafuata Mto Pangani, yakaingia Bahari ya Hindi. Ng'ambo ya bahari hiyohiyo watu wamejenga mitambo mikubwa kuyatoa chumvi yanyweke.

Siku ya kuondoka nilimuuliza Ami nimtumie nini kutoka nyumbani. Nilikuwa na kahawa ya Kilimanjaro akilini, na Bi Mkubwa nilidhani ataomba mbaazi au samli. Ami alifikiri.

"Nirekodie mvua," akasema. "Ya juu ya bati. Ya makuti inanyamaza. Ya bati ndiyo inayosema."

Agosti niliomba likizo ambayo kwa kawaida huiweka ya Desemba. Nilikuwa nimewapigia ndugu zangu wawili na binamu watatu, mmoja mmoja, wala sikutuma ujumbe kwenye kundi la ukoo ambako kila jambo hujibiwa kwa dua na kuishia hapo. Walikuja wanne. Vijana wa jirani walipotuona tunapanda na sururu, majembe na machepe, wengine wakajiunga, kwanza kwa kushangaa. Mzee wa mfongo alitutangulia. Anaujua mtaro ule kwa kila jiwe: hapa pana mzizi wa mringaringa unaovujisha, hapa alijengea babu yenu, hapa msichimbe zaidi mtamwangusha mwenye kihamba cha chini. Nilikuwa nimepita pale maisha yangu yote na sikujua kwamba kila sehemu ina jina.

Tulibeba saruji na mawe siku ya kwanza. Siku ya pili tulizibua. Mtaro ulikuwa umejaa majani, udongo, chupa za plastiki, na mahali pamoja mtu alikuwa ameshapanda magimbi katikati yake, maana alijua hakuna kitakachopita. Viganja vyangu vilitoka malengelenge kufikia saa nne asubuhi. Baba alikuwa na umri wa miaka kumi alipoanza kwenda msaragambo na baba yake. Nilipiga hesabu ya miaka hiyo yote nikiwa nimeinama, nikaona jinsi yale maji "yasiyo na kazi" ya utoto wangu yalivyokuwa yakija. Kila baridi iliyoniliza bafuni mtu alikuwa ameiinamia mahali fulani juu, kabla sijaamka.

Siku ya tatu, alasiri, mzee wa mfongo alifungulia. Sisi tulikuwa tumeshuka kusubiri nyumbani. Kwanza hakuna kitu. Kisha tukaona kuku wakikimbilia mtaroni, na ndipo tukajua. Kichwa cha maji kilikuwa kinakuja, si maji hasa bado, ni uji wa kahawia uliobeba majani makavu, povu na vijiti, unasukuma mbele yake siafu, mende, vyura wadogo, kila kilichokuwa kimehamia mle kwa miaka miwili kinatoka mbio, na kuku wanakidonoa. Kilipita nyuma ya jiko kwa mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea. Nyuma yake uji ukawa chai, chai ikawa maji.

Mama alitoka jikoni akasimama na mwiko mkononi. Baba alikuwa amekwisha kuingia kihambani na jembe. Nikamfuata. Nilitaka kumwambia jambo nililolibeba tangu Nizwa, nilikuwa nimelipanga maneno yake kwenye ndege. Aliniangalia, akaonyesha mdomo wa mfereji mdogo unaoingia kwenye migomba.

"Sogeza hilo gunia," akasema.

Nikasogeza. Maji yakaingia.

Mvua ya Ami niliipata usiku wa kuamkia siku ya kuondoka. Ilikuwa ni yale manyunyu tusiyoyahesabu, yaliyoanza kidogokidogo yakanenepa. Niliamka, nikafungua dirisha, nikaweka simu kwenye kizingiti, nikakaa gizani bila kutikisika ili kitanda kisilie. Dakika kumi na moja. Juu ni bati. Chini yake, ukisikiliza kwa makini, nyuma ya jiko, ni mfongo. Nikamtumia.

Jibu lake lilikuja mchana nikiwa ndani ya basi, baada ya Mombo. Sauti ndefu, nikaiweka sikioni. Hakuwa akiongea. Alikuwa ameiweka mvua yangu ikicheza sebuleni kwake, kwa sauti ya juu, naye akairekodi upya, kwa hiyo nilichosikia ni bati la kwetu likinguruma ndani ya nyumba ya Muscat, na kiyoyozi kwa mbali. Ikaenda hivyo karibu dakika nzima. Kisha mlango ukafunguliwa, vikasikika viatu, na sauti ya Bi Mkubwa ikitokea jikoni, ya juu, ya haraka, ya msichana:

"Jamani, karafuu! Mshaanua?"

Na Ami, taratibu: "Njoo ukae."